Anza na Jibu: Jenga Mlinganyo wa Kwadratiki Kwanza, Kisha Tafuta Vigawo Vyake

Mpe mwanafunzi x² + 3x − 28 = 0 umwambie atafute vigawo, na mara nyingi utamwona anabahatisha. Anachora mabano mawili, anatia namba, anazidisha, zinakataa, anafuta, anatia nyingine. Wako wanaobahatisha hivyo tangu Kidato cha Pili mpaka siku ya mtihani wa Kidato cha Nne, na wanaondoka shuleni wakiamini kwamba hesabu hizi zimeumbiwa wenye vipaji. Si kweli, na inauma kuona mtoto anajihukumu kwa jambo ambalo hakuonyeshwa vizuri. Shida ni kwamba aliambiwa afumue kitu ambacho hajawahi kukisuka. Aliyesuka ukili kwa mkono wake anajua kila chane imepita wapi, na ukimwambia aufumue hahangaiki kutafuta pa kuanzia.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mwisho. Tutachukua majibu, yaani mizizi ya mlinganyo, tujenge nayo mlinganyo wenyewe. Tukishaona unavyojengwa, tutaurudia njia ile ile kinyumenyume. Uwe na kalamu na daftari, na kila mfano uufanye kwa mkono wako kabla ya kusoma mstari unaofuata. Kusoma hesabu kwa macho tu hakumfundishi mtu.

Kabla ya yote: kwa nini sifuri?

Nikikwambia nimezidisha namba mbili nikapata 12, huwezi kujua ni zipi. Huenda ni 3 na 4, huenda ni 2 na 6, au hata nusu na 24. Lakini nikikwambia nimezidisha namba mbili nikapata sifuri, umeshajua jambo kubwa: angalau moja kati yake ni sifuri. Hakuna namba nyingine yenye tabia hiyo, na njia nzima ya vigawo imesimama juu yake.

Kwa hiyo (x − 2)(x − 3) = 0 hauna ugumu. Ama x − 2 = 0, basi x = 2; ama x − 3 = 0, basi x = 3.

Linganisha na huu:

(x − 2)(x − 3) = 2

Wengi huandika haraka x − 2 = 2 na x − 3 = 2, wakapata 4 na 5. Weka 5 uone: 3 × 2 = 6, wala si 2. Lile jibu la 4 limetokea kuwa sahihi, na hilo ndilo linalowapoteza watu, maana njia mbovu imetoa jibu moja zuri. Njia iliyonyooka ni kufungua mabano, kuhamisha kila kitu upande mmoja, kisha kuanza upya:

x² − 5x + 6 = 2
x² − 5x + 4 = 0
(x − 1)(x − 4) = 0

Mizizi ni 1 na 4. Ukiweka 1 kwenye mlinganyo wa mwanzo unapata (−1)(−2) = 2, na ukiweka 4 unapata 2 × 1 = 2. Yote inakubali.

Desturi hii ya kubakiza sifuri peke yake upande mmoja haikuwapo tangu zamani. Mwingereza Thomas Harriot, aliyefariki mwaka 1621, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika milinganyo hivi na kuitazama kama zao la vigawo. Kazi yake ya aljebra ilichapishwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake.

Hatua ya 1: Jenga mlinganyo kutoka kwenye mizizi

Chagua namba mbili zozote. Mimi nachukua 3 na 5. Nataka mlinganyo ambao x ikiwa 3 unakubali, ikiwa 5 unakubali, na ikiwa namba nyingine yoyote unakataa.

Ikiwa x = 3, basi x − 3 = 0. Ikiwa x = 5, basi x − 5 = 0. Nazidisha:

(x − 3)(x − 5) = 0
x² − 5x − 3x + 15 = 0
x² − 8x + 15 = 0

Tazama namba zilizojitokeza. 15 ni 3 × 5. 8 ni 3 + 5, ila imebeba alama ya kutoa. Sasa jenga mwingine wenye mzizi mmoja hasi, tuseme 4 na −7. Ikiwa x = −7, basi x + 7 = 0:

(x − 4)(x + 7) = 0
x² + 7x − 4x − 28 = 0
x² + 3x − 28 = 0

Ndio ule mlinganyo tuliomwona mwanafunzi akibahatisha nao. Jumla ya mizizi ni 4 + (−7) = −3, na katikati tumepata +3x. Zao la mizizi ni −28, na mwishoni tumepata −28. Kwa hiyo jumla inageuza alama, zao halibadiliki. Ukitaka kuona kwamba ni hivyo siku zote, tumia herufi p na q badala ya namba:

(x − p)(x − q) = x² − (p + q)x + pq

Andika mstari huu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Mlinganyo wowote ulioanza na x² tupu una maneno mawili tu ya kukwambia kuhusu mizizi yake: jumla yake ni kiasi gani, na zao lake ni kiasi gani. Mfaransa François Viète, aliyefariki mwaka 1603, ndiye anayetajwa zaidi uhusiano huu unapozungumzwa, na hadi leo walimu huuita kwa jina lake.

Kabla ya kuendelea, jenga milinganyo mitatu kwa mizizi unayoichagua mwenyewe: mmoja wenye mizizi chanya yote, mmoja wenye mizizi hasi yote, na mmoja wenye alama tofauti. Usiruke zoezi hili. Ukilifanya kwa utulivu, hatua ya tatu itakuwa kama unayoijua tayari.

Hatua ya 2: Mizizi ikiwa sehemu

Hapa ndipo pana utajiri, kwa hiyo tusiharakishe. Tujenge mlinganyo wenye mizizi 2/3 na −5/2. Unaweza kuandika (x − 2/3)(x + 5/2) na kuhangaika na sehemu, lakini ni vizuri zaidi kuziondoa mapema. Ikiwa x = 2/3, zidisha pande zote kwa 3: 3x = 2, basi 3x − 2 = 0. Ikiwa x = −5/2, basi 2x = −5, na 2x + 5 = 0.

(3x − 2)(2x + 5) = 0
6x² + 15x − 4x − 10 = 0
6x² + 11x − 10 = 0

Asili za zile sehemu, 3 na 2, zimehamia mbele ya x. Kwa hiyo ukiona 6x² mwanzoni mwa mlinganyo, jua huenda mizizi yake ni sehemu zenye asili zinazogawanya 6. Hilo peke yake linakupunguzia kubahatisha.

Sasa rudi kwenye mstari wa pili, ule wenye 15x na −4x. Katika mstari wa tatu vimeungana vikawa 11x, na mtu anayeuona mlinganyo kwa mara ya kwanza hajui kama vilikuwa viwili. Kazi yote ya kutafuta vigawo ni kuvirudisha vipande hivi viwili. Tutavipataje? Zidisha 15 kwa −4: unapata −60. Zidisha namba ya mwanzo kwa ya mwisho, 6 kwa −10: unapata −60 vilevile. Si bahati. Ukifungua (mx + n)(rx + s) unapata:

mr·x² + ms·x + nr·x + ns

Vipande viwili vya kati vikizidishwa vinatoa m × s × n × r. Cha mwanzo na cha mwisho vikizidishwa vinatoa m × r × n × s. Ni herufi zile zile nne, zimepangwa tofauti tu. Wanafunzi wengi huambiwa "zidisha ya mwanzo na ya mwisho" kama amri isiyo na sababu. Sababu ndiyo hii, na mtoto akiielewa hataisahau kanuni.

Hatua ya 3: Kurudi nyuma, x² ikiwa haina namba mbele

Chukua x² − 11x + 24 = 0. Unatafuta namba mbili za kuweka ndani ya mabano ambazo zao lake ni 24 na jumla yake ni −11. Anza na alama kabla ya namba. Zao ni chanya, kwa hiyo alama zinafanana. Jumla ni hasi, kwa hiyo zote ni hasi. Halafu orodhesha jozi za 24 kwa mpangilio: 1 na 24, 2 na 12, 3 na 8. Hiyo ya tatu inatoa 11.

(x − 3)(x − 8) = 0, x = 3 au x = 8

Zao likiwa hasi, alama zinatofautiana, na unachotafuta ni jozi ambayo *tofauti* yake ndiyo namba ya katikati. Katika x² − 2x − 35 = 0 jozi za 35 ni 1 na 35, 5 na 7. Tofauti ya 7 na 5 ni 2. Katikati pana −2, basi kubwa ndiyo inayobeba hasi: −7 na 5.

(x − 7)(x + 5) = 0, x = 7 au x = −5

Angalia kugeuka kwa alama mwishoni. Ndani ya mabano pana +5, lakini mzizi ni −5. Alama nyingi sana hupotea hapa kwenye mitihani, na wala si kwa kutojua. Ni kwa haraka. Dawa yake ni kuandika mstari mmoja zaidi, "x + 5 = 0", kabla ya kuandika jibu.

Kuhusu kuorodhesha jozi, kuna jambo moja la kuokoa muda. Chukua jozi za 72: 1 na 72 jumla yake 73, 2 na 36 jumla 38, 3 na 24 jumla 27, 4 na 18 jumla 22, 6 na 12 jumla 18, 8 na 9 jumla 17. Jumla inashuka tu, haipandi tena. Kwa hiyo kama unatafuta jumla ya 20, ukishaona 22 kisha 18, acha. Haipo katika namba kamili, na huna haja ya kuendelea kutafuta.

Hatua ya 4: x² ikiwa na namba mbele yake

Rudi kwa 6x² + 11x − 10 = 0 na ujifanye hujui ulikotoka.

Kwanza, zidisha 6 × (−10) = −60. Unatafuta namba mbili zenye zao −60 na jumla 11. Alama zinatofautiana, tofauti ni 11, kubwa ni chanya. Jozi: 1 na 60, tofauti 59, 2 na 30, tofauti 28, 3 na 20, tofauti 17, 4 na 15, tofauti 11. Basi ni 15 na −4.

Pili, vunja kipande cha kati:

6x² + 15x − 4x − 10 = 0

Tatu, gawa vipande vinne katika mafungu mawili na utoe kigawo cha shirika katika kila fungu:

3x(2x + 5) − 2(2x + 5) = 0

Mabano mawili lazima yafanane. Yasipofanana, usilazimishe, rudi ukague alama, kosa liko juu. Yakifanana, yatoe nje:

(2x + 5)(3x − 2) = 0, x = −5/2 au x = 2/3

Tumerudi tulikotoka, mstari kwa mstari.

Hapo penye fungu la pili ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi, hasa penye kutoa. Fanya 12x² − 17x + 6 = 0. Zao ni 72, jumla ni −17, na orodha yetu ya juu imeshatuonyesha 8 na 9. Zote ni hasi.

12x² − 8x − 9x + 6 = 0
4x(3x − 2) − 3(3x − 2) = 0

Fungu la pili ni −9x + 6. Ukitoa −3 nje, ndani inabaki 3x − 2, maana −3 × −2 = +6. Anayeandika −3(3x + 2) ataona mabano hayafanani, akafikiri kwamba mlinganyo hauna vigawo, kumbe ni alama moja tu.

(3x − 2)(4x − 3) = 0, x = 2/3 au x = 3/4

Kuhakiki ni kazi ya nusu dakika. Mlinganyo wenye namba a mbele ya x², b mbele ya x, na c mwishoni, jumla ya mizizi yake ni −b/a na zao lake ni c/a. Ni kanuni ile ile ya hatua ya kwanza baada ya kugawanya kila kitu kwa a. Hapa 2/3 + 3/4 = 17/12, na 2/3 × 3/4 = 6/12. Vyote vinalingana na mlinganyo. Ningependa kila mwanafunzi afanye ukaguzi huu kwa kila swali, hata lile analoliona jepesi, kwa sababu unamfanya asimtegemee mwalimu kumwambia kama amepata.

Milinganyo inayohitaji jicho tu

Kabla ya kuanza lolote, tafuta kigawo cha shirika cha vipande vyote. 3x² − 21x + 30 = 0 ni 3(x² − 7x + 10) = 0, yaani 3(x − 2)(x − 5) = 0. Ile 3 haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo haitoi mzizi.

Kama hakuna namba peke yake mwishoni, kwa mfano 5x² = 20x, usigawanye pande zote kwa x. Ukigawanya unabaki na x = 4 na umepoteza mzizi mzima, kwa sababu x inaweza kuwa sifuri na hakuna ruhusa ya kugawanya kwa sifuri. Hamisha: 5x² − 20x = 0, 5x(x − 4) = 0, x = 0 au x = 4.

Kama hakuna kipande cha kati na kuna kutoa, ni tofauti ya miraba miwili: 9x² − 49 = (3x − 7)(3x + 7), mizizi ni 7/3 na −7/3. Na 4x² − 12x + 9 ni (2x − 3)², mzizi ni 3/2 unaojirudia mara mbili. Ukiombwa ujenge mlinganyo wenye mzizi mmoja tu, basi uandike mara mbili ndani ya mabano.

Namba zikiwa kubwa: anza katikati

Kiwanja cha mstatili kina eneo la mita za mraba 640, na seng'enge iliyokizunguka mara moja ina urefu wa mita 104. Urefu na upana ni kiasi gani? Nusu ya mzunguko ni 52, kwa hiyo pande mbili zina jumla ya 52 na zao la 640. Ndiyo mizizi ya:

x² − 52x + 640 = 0

Kuorodhesha jozi zote za 640 kunachosha. Fikiri hivi: namba mbili zenye jumla ya 52 lazima ziwe pande mbili za 26, moja imezidi kwa d na nyingine imepungua kwa d. Basi zao lake ni (26 + d)(26 − d) = 676 − d². Tunataka 640, kwa hiyo d² = 36, d = 6. Pande ni 32 na 20.

Mawazo haya yana umri mrefu. Mabamba ya udongo ya Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, yanaonyesha makarani wakitatua maswali ya pande na maeneo kwa kuchukua nusu ya jumla na kutafuta mzidio, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Bamba moja lililohifadhiwa British Museum kwa namba BM 13901 linaanza na swali ambalo unaweza kulifanya sasa hivi: nimejumlisha eneo la mraba wangu na ubavu wake, nikapata robo tatu. Kwa maandishi yetu:

x² + x = 3/4
4x² + 4x − 3 = 0

Zao ni −12, jumla ni 4: 6 na −2.

4x² + 6x − 2x − 3 = 0
2x(2x + 3) − 1(2x + 3) = 0
(2x + 3)(2x − 1) = 0

Bamba linatoa jibu la nusu. Mzizi wa pili, −3/2, haumo, kwani ubavu wa mraba hauwezi kuwa hasi. Al-Khwarizmi naye, aliyeandika aljebra yake Baghdad katika karne ya 9, alipotatua mraba na mizizi kumi vilivyo sawa na 39, yaani x² + 10x = 39, alitoa 3 tu. Sisi tunaandika (x + 13)(x − 3) = 0 na tunauona −13. Kwenye swali la mita, umri au idadi ya watu, tafuta mizizi yote miwili kwanza, kisha useme kwa maandishi ni upi unaokataliwa na kwa sababu gani. Kuukataa kimyakimya kunaweza kukupotezea alama.

Vigawo visipopatikana

x² − 6x + 4 = 0. Jozi za 4 ni 1 na 4, 2 na 2. Hakuna inayotoa 6. Ili usipoteze muda kwenye mtihani, kokotoa b² − 4ac kabla ya kuhangaika. Kikiwa mraba kamili, kama 0, 1, 4, 9 au 361, na namba za mlinganyo ni kamili, vigawo vipo, vitafute. Kisipokuwa mraba kamili, havipo katika namba kamili. Kikiwa hasi, mlinganyo hauna mzizi wowote katika namba halisi. Kwa 6x² + 11x − 10 tunapata 121 + 240 = 361, ambayo ni 19 × 19; ndiyo maana ulikubali. Kwa x² − 6x + 4 tunapata 36 − 16 = 20, nao si mraba kamili.

Lakini njia ya kuanzia katikati haijali. Nusu ya 6 ni 3; 9 − d² = 4; d² = 5. Mizizi ni 3 + √5 na 3 − √5. Ukitaka kujenga mlinganyo kutoka kwenye mizizi kama hii, usizidishe mabano yenye vipeuo. Tumia jumla na zao: jumla ni 6 kwa sababu √5 zinafutana, zao ni 9 − 5 = 4, basi x² − 6x + 4 = 0. Mistari miwili tu.

Hatua ya 5: Kujenga kutoka kwenye mizizi usiyoijua

Maswali ya aina hii huwatisha watu kuliko yanavyostahili. Mizizi ya 2x² − 7x + 4 = 0 ni p na q. Jenga mlinganyo ambao mizizi yake ni p² na q².

Usitafute p na q. Zina kipeuo cha 17 ndani yake na zitakuchafulia daftari. Unazo habari mbili tayari: p + q = 7/2 na pq = 2. Unachohitaji kwa mlinganyo mpya ni jumla na zao la miraba yake.

p² + q² = (p + q)² − 2pq = 49/4 − 4 = 33/4
p²q² = (pq)² = 4

Basi x² − (33/4)x + 4 = 0, na ukizidisha kwa 4:

4x² − 33x + 16 = 0

Ukiombwa mizizi iwe 1/p na 1/q, jumla ni (p + q)/pq = 7/4 na zao ni 1/2, kwa hiyo 4x² − 7x + 2 = 0. Weka kando ya mlinganyo wa mwanzo: 2, −7, 4 zimegeuka kuwa 4, −7, 2. Hutokea hivyo kila mara, kwa sababu kugeuza mzizi ni kuweka 1/x mahali pa x, kisha kuzidisha kwa x². Zao tu lisiwe sifuri.

Aina nyingine ni namba iliyofichwa. Mzizi mmoja wa x² + kx − 18 = 0 ni 3; tafuta k na mzizi wa pili. Zao ni −18, basi mzizi wa pili ni −6. Jumla ni −3, basi k = 3. Au hivi: mzizi mmoja wa x² − 12x + c = 0 ni maradufu ya mwingine. Jumla ni 12, kwa hiyo mizizi ni 4 na 8, na c = 32.

Mwalimu anayetunga maswali, au mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani, sasa ana kiwanda chake mwenyewe. Chagua mizizi, jenga mlinganyo, mpe mtoto, na jibu unalo. Kwa wanaoanza chagua namba kamili ndogo zenye alama tofauti, kwa sababu alama ndizo zinazohitaji mazoezi zaidi. Wakizoea, chagua sehemu mbili zenye asili tofauti. Haya manne nimeyatunga hivyo hivyo, yafanye bila kutazama majibu yaliyo chini yake:

1. x² − 5x − 24 = 0
2. 8x² + 14x − 15 = 0
3. 10x² + x − 21 = 0
4. Mlinganyo wenye mizizi 2 + √3 na 2 − √3

Majibu: (1) 8 na −3. (2) Zao ni −120, vipande ni 20x na −6x, mizizi ni 3/4 na −5/2. (3) Zao ni −210, vipande ni 15x na −14x, mizizi ni 7/5 na −3/2. (4) x² − 4x + 1 = 0.

Na kama hayo yamekuwa mepesi, usiishie kwenye mizizi miwili. René Descartes, katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637, alichukua mizizi 2 na 3, akapata x² − 5x + 6 = 0, kisha akazidisha kwa x − 4 ili kuongeza mzizi wa tatu:

x³ − 9x² + 26x − 24 = 0

Hapo 9 ni jumla ya mizizi mitatu na 24 ni zao lake. Kisha akazidisha kwa x + 5 akapata mlinganyo wa kipeo cha nne. Uzidishe mwenyewe; ukipata x⁴ − 4x³ − 19x² + 106x − 120 = 0, umepata alichopata yeye. Halafu itazame ile 26 ya mlinganyo wa mizizi mitatu, ujaribu kuipata kutoka kwa 2, 3 na 4 bila kufungua mabano.